Jogoo wa Kukombolea Mtambo

Siku ile katika ukumbi wa mikutano wa Ruangwa tulikuwepo hawa: Mhandisi Gervas, aliyetoka makao makuu Dar es Salaam na makabrasha yake, Bakari, dereva wake, ambaye hakutakiwa kuingia lakini nje kulikuwa na jua, Katibu Tarafa, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, Hassani Mtipa, mwenye kebo ya televisheni ya Ruangwa, mtani wangu, mama yake Hassani, Bibi Somoe, aliyekaa mstari wa mbele kwa sababu ya masikio, wananchi waliojaza mabenchi, wengi wao wa Chunyu na Narung'ombe, mimi Hawa, mfuatiliaji wa matangazo wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mwenye daftari la muhtasari, na jogoo mmoja mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Jogoo nilimwandika kwenye orodha ya mahudhurio. Mhandisi alimfuta.

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike nilivyofanya kazi hii kabla sijasahau. Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za jogoo, lakini jogoo haeleweki bila redio, kwa hiyo naanzia kwenye redio.

Nilizaliwa Lionja. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, mwaka alipofariki mama, na mwaka uliofuata akafariki baba. Nilibaki na wadogo watatu, wa mwisho akiwa bado hajaota meno yote. Ukoo wetu na ukoo wa kina Mtipa ni watani tangu enzi za mababu, na hakuna aliye hai anayejua ilianzaje. Msibani kwa baba ndio waliochimba kaburi, ndio walioosha vyombo, na Hassani, kijana wa miaka kama ishirini, alivaa koti la baba akatembea kama baba, akakohoa kama baba, mpaka bibi yangu akacheka huku analia. Kisha akaingia ndani akatoka na redio ya baba kichwani.

Kwa wageni nieleze. Kwetu mtani akichukua kitu msibani hajaiba. Mfiwa atakikomboa kwa jogoo siku atakayoweza, kitu kitarudi, na watu watacheka tena. Hadi siku hiyo mtani anakitumia apendavyo. Hassani aliitumia redio kila jioni, barazani kwao, kwa sauti kubwa kabisa, na ikifika saa ya taarifa ya habari alikuwa akitupigia kelele kutoka ng'ambo ya njia kwamba watoto wa ukoo wa wachoyo, wanaopima chumvi kwa kijiko cha chai, waje wasikilize mali yao isiyokombolewa. Tulikwenda. Tukifika, Bibi Somoe alikuwa ameshaweka ugali wa muhogo na mboga, nyungu nzima, kwa watu wawili wanaoishi humo.

Hivyo ndivyo wadogo zangu walivyokula kwa muda wa miaka miwili na kitu.

Nilipopata jogoo wa kwanza nilimpeleka. Hassani alimshika kifua, akamgeuza, akamrudisha mikononi mwangu. Alisema, "Amekonda. Mlete akinenepa." Nilikuwa mdogo, nikaamini kwamba jogoo amekonda. Nikamuuza, nikanunua madaftari ya Ismaili, mdogo wangu wa kiume.

Kazini niliingia miaka ya tisini, kwa mlango wa nyuma. Pale Nachingwea kulikuwa na kituo kidogo cha kurushia matangazo, chumba kimoja na mlingoti, nami nilikuwa mfagiaji. Umeme wa mji wakati huo ulitoka kwenye jenereta na ulikatika ulivyotaka. Fundi wa kituo, Mzee Akwilini, alitakiwa kuandika kila saa mtambo ulipozimika, naye alikuwa akisahau. Mimi nilikuwa nikiandika nyuma ya kalenda ya ukutani kwa sababu kila umeme ukikatika nilikuwa nafagia gizani. Siku alipokuja mkaguzi, Mzee Akwilini alibandua kalenda akamkabidhi. Mwezi uliofuata nilipewa daftari langu na kiti.

Baadaye sheria za utangazaji zikabadilika. Vituo vya watu binafsi vikaruhusiwa, na ikaundwa ofisi ya kuvisimamia, ofisi isiyo na kituo chake na isiyotakiwa kumwonea haya mwenye kituo, awe tajiri au serikali. Ofisi hiyo ilimchukua Mzee Akwilini, naye akanichukua mimi. Kazi yangu ikawa kuangalia televisheni na kuandika nilichoona. Majirani hawakuwahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. Shangazi yangu aliniombea dua nipate kazi nyingine mpaka nikakaribia kustaafu.

Vifaa vilikuwa hivi. Kipima mawimbi ndani ya sanduku la mbao, kizito kama nusu gunia la korosho, ambacho ukikiwasha kilihitaji dakika kumi kupata moto kabla hakijaanza kusema kweli. Antena ya kukunja juu ya mti wa mianzi. Saa ya mkononi, ambayo kila Jumatatu niliisahihisha kwa taarifa ya habari ya redio. Daftari la mistari. Na koleo la lakiri: unapitisha waya mwembamba kwenye mlango wa mtambo, unauingiza kwenye kidonge cha risasi, unabana, alama ya ofisi inabaki. Mtu akifungua, risasi inakatika na kila mtu anajua. Koleo hilo nililibeba miaka mingi na nimelitumia mara chache. Kifaa kizuri ni kile kinachoogopwa kikiwa mfukoni.

Mzee Akwilini alinifundisha mambo mengi. La kwanza, usinywe chai ya mtu unayemkagua. Alikuwa na chupa yake ya chai, akanunua na yangu, ya bluu, ninayo mpaka leo. Tukifika kwa mwenye kituo, mke wa mwenye kituo analeta birika, sisi tunafungua chupa zetu. Wengi walituona hatuna adabu. Mzee alikuwa akiwaambia kwa upole kwamba tumbo lake ni la serikali. La pili aliloniambia ni kwamba msimamizi huru hana ndugu saa za kazi. Hili nililielewa vibaya, na gharama yake nitaieleza.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, Hassani alikuwa amehamia Ruangwa na mama yake. Korosho zilikuwa zimempa fedha kidogo, akanunua dishi, akasimamisha nguzo za miti mjini kote, akavuta waya nyumba kwa nyumba. Aliunganisha vituo vya Dar es Salaam, na yeye mwenyewe aliweka kamera ndogo mbele ya ubao mweusi. Mtu akifiwa, Hassani alikatiza kipindi, hata mpira, akaonyesha ubao: fulani amefariki, mazishi kesho saa kumi, Narung'ombe. Siku za mnada aliandika bei ya ufuta. Hakuwa na chochote kingine cha kutangaza, na watu hawakudai kingine.

Nami ndiye niliyekuwa mkaguzi wake. Katika fomu yetu kulikuwa na sehemu ya kueleza uhusiano wako na mwenye leseni. Ilitaja ndugu, mwenzi na mshirika wa biashara. Mtani haikutaja. Niliacha wazi, na fomu ikapita.

Kisha ukaja uchaguzi. Hassani alionyesha mikutano ya vyama vyote viwili vilivyomlipa nauli ya kubeba kamera. Mkubwa mmoja wa pale, ambaye jina lake halitaongeza kitu, aliniita ofisini kwake na kunitaka niandike taarifa kwamba kebo ile inachochea fujo ili ifungwe mpaka kura zipite. Nilimwambia sikuona fujo, niliona ubao na watu wakipiga makofi, lakini kama anaagiza, naomba agizo kwa barua, nami nitaliambatanisha. Barua haikuja. Vijana, hilo litumieni. Mtu anayekuagiza vibaya ana ulimi mrefu na kalamu fupi.

Lakini ulimi ulibaki. Alieneza habari kwamba yule dada anamficha mtani wake, kwamba amelelewa kwa ugali wao. Kilichoniuma ni kwamba nusu ya habari ilikuwa kweli. Nikakumbuka neno la mzee, msimamizi huru hana ndugu, nikaamua kuwaonyesha.

Tangu mwezi ule niliandika kila kitu cha Hassani. Filamu ya ngumi imeanza dakika nne kabla ya saa tatu usiku, saa zinaporuhusiwa filamu za aina hiyo, niliandika. Amekatiza kipindi cha kituo kingine kwa tangazo la msiba, niliandika, na kwa kuwa misiba haikuwa michache, niliandika sana. Nachingwea kulikuwa na wenye kebo wengine wawili waliokatiza vipindi kwa matangazo ya soda na magodoro. Kwao nilikuwa nikipita mara moja kwa mwezi, naangalia saa moja, naondoka. Kwa Hassani nilikuwa nakaa siku nzima, na chupa yangu ya chai. Alikuwa akiniletea kiti na kuniuliza kama kijiko cha chumvi nimekuja nacho.

Sikumwambia kitu, wala hakuuliza. Bibi Somoe alikuwa akinisalimia, ananiuliza habari za wadogo kwa majina, mmoja mmoja, na ananiangalia nikifungua chupa.

Mwishoni mwa miaka hiyo makao makuu walianza kuzungumza habari za dijitali. Nilikwenda semina na kurudi na maelezo ambayo nilipaswa kuyafikisha vijijini. Niliyafikisha hivi. Mfumo wa zamani, njia moja ya hewani inabeba kituo kimoja. Mfumo mpya, njia ileile inabeba vituo vingi, ila lazima njia ziwe safi. Na mwenye barabara asiwe ndiye mwenye basi: kampuni chache zitapewa leseni ya kurusha, na wengine watapewa leseni ya kuandaa vipindi tu, ili mwenye mlingoti asiweze kumnyima mwenzake nafasi kwa wivu. Mzee mmoja wa Chunyu aliniuliza kama televisheni za zamani zitakufa siku hiyo. Nikasema zitahitaji kisanduku, yaani king'amuzi. Akasema yeye hana televisheni, alitaka kujua tu.

Hassani aliliona mapema. Nguzo zake zingebaki kuni. Akaomba leseni ya kuandaa vipindi, kituo cha Ruangwa, chenye misiba na bei za mazao. Ombi lake niliona limeandikwa vizuri. Wakati huohuo alifanya kosa, la kweli safari hii. Watu wa Chunyu walikuwa wanalalamika kwamba waya haufiki kwao na misiba inawapita. Akanunua mtambo wa kurusha hewani, wa mitumba, akaufunga juu ya mnazi uliokauka, akarusha bila kibali cha masafa. Kipima mawimbi changu kilimkuta nikiwa bado njiani. Nilikwenda, nikazima mtambo, nikaushusha, nikapiga lakiri, nikampa hati ya kuzuia mali, akasaini. Niliupakia kwenye gari la ofisi. Wakati naondoka alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu kwa namna ambayo sikuielewa.

Niliielewa wiki mbili baadaye, siku ya mkutano.

Mkutano ulikuwa wa kukusanya maoni kuhusu dijitali, na ajenda ya mwisho ilikuwa mtambo wa Hassani. Ulikuwa juu ya meza, na lakiri yangu. Katibu Tarafa alipoita jina lake, Hassani alisimama, akatoka nje, akarudi na jogoo. Ukumbi wote ulijua papo hapo. Mtani amechukua kitu, mwenye kitu amekuja kukomboa. Watu wa Chunyu walianza kucheka kabla hajafika mbele. Hassani aliniwekea jogoo mapajani, juu ya daftari.

"Mtani," alisema, "umekaa na mali yangu wiki mbili hata hukunialika kuisikiliza. Mimi yako niliipiga kila jioni. Haya, nakomboa."

Mhandisi Gervas alikuwa mtu wa Kagera, mtaratibu, hakuwa mkali. Aliniinamia akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni hongo, tena hadharani, na kwamba nikimpokea huyo kuku itabidi aandike majina yetu sote wawili, na ombi la leseni la bwana huyu litaishia hapo. Upande wa pili Bibi Somoe alikuwa ananiangalia. Kumkatalia mtani fidia mbele ya watu ni kusema utani umekwisha, na ukiisha, umeisha na kwa waliokufa. Aliyevaa koti la baba anakuwa mtu baki aliyevaa koti la marehemu.

  Kisha mkono wangu ulimshika jogoo kifua. Alikuwa mnene, jogoo wa kuchaguliwa.

Nikasema, "Amekonda. Mlete akinenepa."

Ukumbi ulilipuka. Bibi Somoe aliuliza nimesema nini, akarudiwa sikioni, akapiga makofi mara moja, akaitikia kwa kichwa. Hassani alimchukua jogoo wake. Alicheka na yeye, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu alijua kama nilivyojua kwamba mtambo haurudi.

Mhandisi alinitaka nimweleze kicheko kile. Jioni, katika nyumba ya wageni, nilimweleza yote, toka koti la baba. Alisikiliza, akafungua sanduku la faili, akaziweka tatu mezani: mbili za Nachingwea, nyembamba kama daftari la mtoto, na ya Hassani, imefungwa kwa kamba ya katani.

"Dada Hawa, huyu amekosa kuliko wenzake, au wewe ulimwangalia kuliko wenzake?"

"Nilimwangalia zaidi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mtani wangu."

Alisema kwamba kamati ya leseni haimjui mtani. Kamati inajua faili. Ikiona unene huu itasema mtu huyu hawezi kufuata masharti. Akaniambia niandike masahihisho, naye atayapeleka.

Niliandika kurasa nne. Nilieleza kwamba kosa la mtambo ni la kweli, na adhabu yake anastahili, lakini kwamba mengine nimeyaandika kwa kipimo ambacho sikukitumia kwa wengine, na kwamba uhusiano wangu na mhusika niliuficha kwa kuwa fomu haikuuliza. Nilipewa onyo, ambalo nalo nilistahili. Hassani alinyimwa leseni. Barua ya kumnyima ilitaja "kumbukumbu ya ukaguzi". Masahihisho yangu hayakutajwa. Nilipouliza niliambiwa yamepokelewa.

Nilikwenda Masasi kumwona Mzee Akwilini, ambaye alikuwa ameshastaafu. Nilimwambia nimefuata alivyonifundisha, sikunywa chai ya mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema usinywe chai," akasema. "Sikusema umwage ya mwenzio."

Hilo ndilo fundisho langu kwenu na sina kubwa zaidi. Uhuru wa msimamizi ni kuwa na saa ileile moja kwa watu wote. Anayempendelea mtani wake na anayemkomesha mtani wake wote wawili wamemwangalia mtani, hawakuiangalia televisheni. Na kwenye fomu, pasipo na nafasi, andikeni pembeni.

Nguzo za Hassani zilikuwa kuni kweli. Dijitali ilifika, visanduku vikauzwa, picha zikawa safi. Taarifa za misiba ya Narung'ombe hazimo. Watu wanapigiana simu, na mwenye simu isiyo na chaji anasikia baada ya mazishi. Kila mwaka niliandika kuulizia masahihisho yangu, na kila mwaka niliweka nakala. Bibi Somoe alifariki katika miaka hiyo. Niliosha vyombo siku tatu, sikuchukua kitu.

Wiki moja baada ya kukabidhi ofisi nilipanda basi kwenda Ruangwa kwa Hassani, na jogoo. Sikuwa mkaguzi tena, kwa hiyo nilikunywa chai, vikombe viwili, na sukari aliyoiweka yeye. Redio ya baba iko kabatini kwake, imepakwa rangi upya, haisemi. Nikamwekea jogoo mapajani.

Hakumshika bado. Aliniuliza, "Yale uliyoandika kwamba mimi ni mkosaji, yalifika Dar?"

"Yalifika."

"Na yale uliyoandika kwamba sikukosa sana?"

"Nayo yalifika."

"Walijibu?"

"Bado."

Ndipo akamshika jogoo kifua, taratibu, kulia na kushoto, kama mnunuzi.

"Amekonda," alisema, akanirudishia.

Nimerudi naye Nachingwea. Nimemjengea banda, anakula pumba asubuhi na jioni, na majirani wanasema hawajaona jogoo mzito kama huyu. Barua ya mwaka huu ya kuulizia masahihisho nimeituma Jumatatu.